Kumwandalia Kobe Makao Katika Nyumba ya Ghorofa Mjini Mombasa

Anayetaka kufuga kobe kwa mara ya kwanza, na makazi yake ni ghorofa ya tatu au ya nne huko Tudor, Kizingo au Nyali, kwa kawaida huanza kwa kuuliza kuhusu vifaa: sanduku la namna gani, taa ya namna gani, chakula gani. Maswali hayo yana wakati wake. Yanayotangulia ni mawili, nayo ndiyo yanayoamua kama mnyama huyu atakua akiwa mzima au atadhoofika polepole bila mwenyeji wake kutambua: je, jua huingia moja kwa moja mahali atakapokaa, na je, kuna sakafu ya kumtosha kutembea? Joto, ambalo wafugaji wa Ulaya hulilipia umeme mwaka mzima, sisi wa pwani tunalo bila malipo. Jua na nafasi ndivyo adimu katika ghorofa, na kwa kuwa haviwezi kuongezwa baada ya kobe kufika, karibu kila lililoandikwa hapa linafaa kufanywa kabla hajafika.

Kibali na aina ya kobe

Kobe wa asili wa Kenya ni wanyamapori mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu haruhusiwi kumkamata, kumnunua, kumuuza wala kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kumwokota kobe barabarani au kumnunua kwa mtu anayemtembeza ndani ya kikapu ni kosa la jinai, hata kama nia ni njema na hata kama muuzaji anaapa kwamba amezaliwa nyumbani kwake. Basi hatua ya kwanza ni kwenda katika ofisi ya KWS, kueleza unakoishi na nafasi uliyo nayo, kisha kusubiri jibu. Kobe naye apatikane kwa mtu mwenye kibali, pamoja na hati zake. Ukijibiwa kwamba makazi yako hayafai, lipokee jibu hilo, kwa maana wanaolitoa wamekwisha kuona kobe wengi walioharibika ndani ya nyumba.

Anayefikiriwa zaidi na wengi ni kobe chui, mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi. Akiwa mchanga hutosha kiganjani. Akikomaa, gamba lake hufikia sentimita 30 hadi 45, uzito wake hupita kilo 10, na anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Kobe bapa, yule mwembamba anayejificha katika nyufa za mawe, ameorodheshwa tangu 2019 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwenye ulinzi mkali kuliko wote, na asiwe katika mawazo ya mfugaji mpya hata kidogo. Kobe wakubwa wanaoonekana Haller Park kule Bamburi, kama yule Mzee, ambaye kiboko mdogo Owen alimfuata kila mahali baada ya kutenganishwa na kundi lake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, ni wa jamii ya Aldabra kutoka Shelisheli. Dume lao hupita kilo 200, na hakuna roshani ya kuwabeba.

Kwa hiyo ukweli usemwe mapema: ghorofa humfaa kobe chui kwa miaka yake ya mwanzo tu. Baada ya hapo anahitaji ua. Kabla hujaomba kibali, uwe tayari unamjua mtu mwenye kiwanja chenye ukuta, tuseme Kikambala au Mtwapa, atakayekubali kumpokea kobe akiwa mkubwa, na ufahamu kwamba kumhamisha nako kunahitaji idhini. Asiye na mpango huo angoje. Vilevile zungumza na mwenye nyumba na mtunza jengo mapema. Kobe hapigi kelele, lakini udongo kwenye roshani na maji yanayochuruzika kwa jirani wa chini huleta ugomvi usio wa lazima.

Jua linaingia wapi?

Kobe hutengeneza vitamini D3 kwa kuota jua, na bila vitamini hiyo mwili wake hauwezi kutumia madini ya kalsiamu aliyoyala. Kinachofanya kazi hiyo ni miale ya urujuanimno ya aina inayoitwa UVB, na miale hii haipenyi kioo cha kawaida cha dirisha isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Kobe aliyewekwa sebuleni karibu na dirisha lililofungwa anapata mwanga na joto, na kwa macho ya mwenyewe anaota jua. Mifupa yake, hata hivyo, haipati kitu. Baada ya miezi kadhaa gamba huanza kubonyea, taya hulegea, miguu hushindwa kuinua mwili. Ugonjwa huu huwaua kobe wengi wanaofugwa ndani, na unazuilika kabisa.

Kagua roshani yako kwa kufikiria mwaka mzima, usiridhike na siku moja ya kuihamia nyumba. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hubadilisha upande: tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hupita kidogo upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Matokeo yake ni kwamba roshani inayotazama kaskazini hupata jua wakati wa kusi, na inapofika kaskazi hukaa kivulini. Inayotazama kusini huwa kinyume chake. Inayotazama mashariki ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa hupata jua la asubuhi mwezi baada ya mwezi, na jua la kati ya saa mbili na nusu na saa nne na nusu lina miale ya kutosha bila ukali wa kuua. Inayotazama magharibi hupokea jua la alasiri, ambalo mwezi wa Februari na Machi ni kali mno juu ya sakafu ya saruji, na itahitaji kivuli kingi zaidi.

Ikiwa nyumba haina roshani, au roshani imezibwa na jengo la jirani, itabidi ununue taa ya UVB iliyotengenezwa mahsusi kwa wanyama watambaao, uiwashe kwa muda wa saa 12 hivi kila siku, uitundike kwa umbali ulioelekezwa na mtengenezaji, na uibadilishe kwa muda alioutaja, ambao mara nyingi ni kati ya miezi 6 na 12. Taa hiyo huendelea kung'aa hata baada ya miale yake yenye faida kwisha, ndiyo maana kuitazama kwa macho hakutoshi. Mimi namshauri mfugaji wa mara ya kwanza asitegemee taa peke yake katika mji wenye jua kama wetu. Nyumba isiyo na sehemu ya kuota jua si nyumba ya kobe, na ni heri kulijua hilo kabla ya kumleta.

Jua hilohilo linaweza kumuua ndani ya nusu saa. Kobe hana jasho; hujipoza kwa kuhama tu, na akikosa pa kuhamia mwili wake huchemka. Usimweke kamwe kwenye beseni la plastiki au sanduku la kioo juani, hata kwa muda wa kwenda kupokea simu. Nusu ya eneo lake ifunikwe kwa makuti au kipande cha mbao, na kivuli hicho kiwepo saa zote anapokuwa nje. Ukimwona anahangaika, anakwaruza kuta kwa nguvu, au anatoa povu mdomoni, mwondoe mara moja na umweke katika maji ya baridi ya kawaida, yasiwe ya friji.

Sanduku na roshani

Wengi hudhani kobe hukaa ndani ya tangi la kioo kama samaki. Tangi halifai: hewa haizunguki, na kobe, kwa kuwa anaona ng'ambo, husukuma kioo kutwa nzima akitafuta njia. Mtafute fundi seremala akutengenezee sanduku la wazi juu, lenye kuta zisizopitisha mwanga. Kwa kobe mchanga, urefu wa sentimita 120 kwa upana wa 60 ni mwanzo mzuri, na kuta ziwe na kimo cha sentimita 40 hivi, kwa sababu kobe hupanda pembeni kwa ustadi usioutarajia. Mwambie fundi asitumie mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, na usipake rangi wala vanishi upande wa ndani. Sakafu ya sanduku itandikwe turubai ili unyevu usiozeshe mbao. Sanduku hili ni la miaka ya kwanza tu. Anapokua, eneo lake likue naye, hadi roshani nzima iwe yake, na mwisho ua wa yule mtu uliyemwandaa.

Ndani weka tabaka la sentimita 8 hadi 10 la udongo wa shamba usiotiwa mbolea wala dawa, uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi hayana shida kupatikana mjini humu, wauza madafu wanayatupa kila jioni. Yaloweke kwenye maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) na kuyasuuza mara kadhaa ili chumvi itoke, kisha yaanike juani yakauke vizuri kabla ya kuyatumia. Mchanga mtupu wa ufuoni usiutumie: una chumvi, na kobe akiumeza pamoja na chakula huweza kuziba utumbo wake. Takataka za randa za mbao zenye harufu kali nazo ziache. Sehemu ya chini ya udongo ibaki na unyevu kidogo na ya juu iwe kavu, kwani kobe wachanga wanaokulia mahali pakavu kupita kiasi huota gamba lenye vichuguu ambavyo havirekebishiki tena. Kwa sababu hiyo hiyo, sanduku lisikae katika chumba chenye kiyoyozi, kinachokausha hewa na kuipoza kwa pamoja.

Katika pembe moja weka kibanda cha giza, hata chungu kilichovunjika nusu na kulazwa ubavu, anamoweza kuingia mwili mzima na kugeuka. Pembe iliyo mbali na hiyo iwe ya kuota, joto lake lifikie nyuzijoto 32 hadi 35 mchana; kipimajoto cha bei nafuu kitakuambia kama roshani yako inafikia hapo bila msaada. Usiku wa Mombasa, hata Julai na Agosti, ni nadra kushuka sana chini ya nyuzijoto 20, kwa hiyo taa ya kupasha joto usiku haihitajiki. Kobe chui halali usingizi wa msimu wa baridi. Anayeacha kula na kulala siku kadhaa ni mgonjwa.

Roshani yenyewe ina hatari tatu. Ya kwanza ni kuanguka. Nafasi iliyo chini ya reli, ambayo haimpitishi mtoto, humpitisha kobe, na kuanguka kutoka ghorofa ya kwanza kunatosha kulipasua gamba. Ziba upande wote wa chini kwa mbao au kwa tofali, kimo kisipungue sentimita 40, na usiweke chungu cha maua wala kiti karibu na ukingo huo. Ya pili ni wanyama wengine, na hapa kunguru wa Kihindi, waliojaa kila paa la mji huu, ndio wa kuogopwa zaidi: humdonoa kobe mchanga macho na miguu hadi wamwue. Paka wa mtaani nao hupanda ghorofa kwa urahisi, na panya humtafuna kobe aliyelala. Kwa hiyo eneo la mchana liwe na kifuniko cha wavu wa waya, na usiku kobe arudishwe ndani mpaka awe mkubwa. Ya tatu ni sakafu. Vigae laini humfanya ateleze na miguu yake ikue imepinda upande; tandika udongo, au angalau mawe bapa yenye kukwaruza, mahali anapopita. Mawe hayo yatasaidia pia kupunguza kucha.

Masika yanapoingia, hasa Mei, mvua na upepo wa kusi hukutana, na kobe aliyeloa na kupata baridi kwa pamoja hushikwa na ugonjwa wa mapafu. Unyevu wenye joto haumdhuru. Unyevu wenye ubaridi ndio adui. Siku hizo mweke ndani mahali pakavu, na jua likichomoza kwa saa mbili, mtoe alipate.

Kumwacha azurure sebuleni si mbadala wa haya yote. Sakafuni kuna pini, nyuzi, nywele na mabaki ya dawa kali za kusafishia, kuna mlango unaofunguliwa kwa ghafla, na kuna mgeni asiyetazama anapokanyaga.

Chakula na maji

Kobe chui ni mla nyasi, na sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi na magugu: nyasi mbichi zilizokatwa mahali pasiponyunyiziwa dawa, gugu liitwalo kongwe, lenye maua ya buluu, majani na maua ya hibiskasi, matembele kwa kiasi, na majani ya mpungate yaliyoondolewa miiba, ambayo yana kalsiamu nyingi na humea bila kupandwa. Sukuma wiki na mchicha viwe vya mara mojamoja, si vya kila siku. Embe, ndizi, papai na nyanya humharibia tumbo, japo atavila kwa pupa. Wali, mkate, ugali, maharage na chakula cha paka asipewe kabisa. Protini na wanga wa namna hiyo humkuza haraka kuliko mifupa yake inavyoweza, na huumiza figo. Kisamvu kibichi kina sumu. Oleanda inayopamba bustani nyingi za mjini ina sumu pia, na mnyaa una utomvu unaochoma. Hakikisha hakuna tawi lao linaloangukia kwenye roshani.

Kwa kalsiamu huhitaji kwenda mbali. Ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi), unaosukumwa na mawimbi hadi ufuoni, uoshe, uuloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukiyabadilisha, uuanike, kisha umwekee kobe autafune apendavyo.

Maji yanahitaji uangalifu, kwa sababu majengo mengi ya Mombasa hutegemea visima vyenye maji ya chumvi. Maji ya chumvi humkausha kobe badala ya kumnywesha. Mpe maji ya kunywa yaleyale unayokunywa wewe, katika sahani pana isiyo na kina, inayooshwa kila siku. Kobe mchanga aogeshwe mara tatu au zaidi kwa wiki, dakika 15 hadi 20, katika maji vuguvugu yanayofika chini ya shingo tu. Hapo ndipo hunywa zaidi na kutoa haja. Atatoa kitu cheupe pamoja na mkojo. Kikiwa laini kama uji ni sawa. Kikiwa na chembechembe ngumu, hanywi vya kutosha.

Afya, watoto na siku za kwanza

Kobe anaweza kubeba bakteria za salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Ni kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwani watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimshike kabisa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isubiri.

Tafuta daktari wa mifugo anayewajua wanyama watambaao kabla ya kumhitaji, maana wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa. Mwulize waziwazi kuhusu ivamektini, dawa ya minyoo inayouzwa katika kila duka la dawa za mifugo. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu inayopoozesha na kuua. Usikubali dawa yoyote ya minyoo kwa kukisia, hata ikitoka kwa mtu unayemheshimu. Dalili za kukupeleka kwa daktari siku hiyohiyo ni mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, macho yaliyovimba, na gamba linalobonyea kwa kobe aliyepita umri wa uchanga.

Mfuge mmoja. Kobe hana upweke tunaomdhania. Wawili katika sanduku dogo hugombania chakula na pa kuota, na mnyonge hudhoofika huku akionekana ametulia tu.

Atakapofika, mwogeshe, mpime uzito kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo, uandike tarehe, kisha umwache. Kwa wiki nzima huenda akajificha na kula kidogo. Usimtoe kibandani kumwonyesha wageni wala kumgeuza kumkagua. Weka majani asubuhi, mpeleke juani kwa wakati ule ule kila siku, ondoa mabaki kabla sisimizi hawajaja, na mpime tena kila wiki. Uzito ukipungua kwa wiki mbili mfululizo, chukua daftari hilo pamoja na kobe mwenyewe uende kwa daktari.